Sikio la Fundi wa Soni

Kiswahili kiliipa pikipiki jina kwa kuusikiliza mlio wake. Mtu aliyenionyesha jinsi jina hilo linavyobeba kazi nzima ya ufundi alikuwa fundi mmoja wa Soni, kwenye barabara ipandayo kutoka Mombo kwenda Lushoto. Ukimpelekea pikipiki mbovu hakushika spana kwanza. Alivuta kigoda, akasema, "Hebu iwashe, mwalimu," kisha akainamisha kichwa upande na kunyamaza.

Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa Yamaha DT 125, niliyoinunua mwaka 1989 ikiwa imeshatumika. Ukoo wake unatoka kwenye DT-1 ya mwaka 1968, iliyotengenezwa iwe chombo kimoja cha matumizi mawili: siku za kazi kimpeleke mtu kibaruani, mwisho wa wiki kimpandishe mlimani. Ukiitazama unayaona hayo bila kuambiwa. Madigadi ya mbele imeinuliwa juu ya tairi ili tope lipite bila kukwama. Bomba la moshi limepita juu, mbali na mawe. Nami niliitumia hivyo hivyo. Asubuhi nilikwenda nayo Lushoto ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Jumamosi niliiacha barabara, nikafuata vijia vya Mlalo katikati ya migomba na matuta ya maharage, hadi Mtae, pale mlima unapokatika ghafla na nyika ya Mkomazi ikatandaa chini yako.

Injini yake ilikuwa ya stroki mbili, silinda moja. Haina valvu za juu wala tapeti. Pistoni yenyewe, ikipanda na kushuka, ndiyo inayofungua na kuziba matundu ya silinda. Oili ya kulainisha pistoni huungua pamoja na petroli, na ndiyo asili ya ule moshi wa samawati. Zamani mwendeshaji aliichanganya mwenyewe kwa kopo. Kuanzia mwaka 1964 Yamaha waliweka pampu ndogo inayovuta oili kutoka kitangi chake na kuizidisha kadiri unavyovuta resi. Fundi aliipenda sana pampu ile, lakini alinionya kuhusu mteremko wa kwenda Mombo. "Ukifunga resi pistoni inakimbia na oili inakuja kidogo. Kila baada ya kona mbili tatu, ivutie resi kidogo ipate kunywa."

Siku moja nilipanda kutoka Mombo bila kutazama kitangi cha oili. Njiani mlio ulianza kuwa mwembamba na mkavu, kama bati linalogongwa kwa mbali. Niliusikia, nikaongeza resi. Kabla ya kufika Soni gurudumu la nyuma likaganda. Injini ilikuwa imenoki.

Fundi aliifungua juu ya gunia safi, kila nati na bolti akizipanga chini kwa mfuatano wa kutoka kwake ili zirudi kwa njia ile ile. Alipoichomoa silinda aliiinua mbele ya dirisha, akanionyesha ndani. Ukutani mwa chuma palikuwa na michirizi myeupe: aluminiamu ya pistoni, iliyoyeyuka na kujipaka pale. Alichukua msasa laini, akaulowesha, akaanza kusugua kwa vidole viwili, akizungusha polepole. Kila baada ya muda alisuuza kwa petroli, akapitisha kidole ndani huku amefumba macho. Macho, alisema, hudanganywa na mng'ao. Kazi hiyo tu ilikula mchana wote, na sikumsikia hata mara moja akilalamika.

Kisha akageukia masizi yaliyogandamana kwenye kichwa cha pistoni na kwenye tundu la kutolea moshi. Hakutumia bisibisi. Alikuwa na kijiti cha mti mgumu alichokichonga mwenyewe, maana chuma huacha mkwaruzo, na masizi mapya hushika upesi penye mkwaruzo. Mwisho zikaja ringi. Kwenye mfereji wa kila ringi kuna pini ndogo kuliko punje ya mchele. Ncha mbili za ringi lazima zikutane hapo hapo, ili ringi isizunguke ncha zikanasa kwenye matundu ya silinda. Aliipapasa kila pini kwa ukucha, akabana ringi kwa vidole, akaishusha silinda bila nguvu hata kidogo. Ilipokataa alisita, akaianza upya.

Nimewaona mafundi wengi tangu wakati ule, na wengi wana mikono miepesi kuliko yake. Nilichokipenda kwake ni kwamba hakubahatisha. Injini ile ilikuwa na vitu vichache kiasi kwamba mtu mmoja aliweza kuvijua vyote, naye aliona ni wajibu wake kuvijua vyote.

Jioni nilipiga kiki mara tatu, ikawaka. Akanituma nipande kilima kwa resi nzima, nizime ghafla na kusukuma hadi kwake. Akafungua plagi ikiwa bado ya moto, akaitazama ncha yake: ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nyeusi yenye majimaji ingemwambia petroli imezidi. Nyeupe ingemwambia petroli ni pungufu na pistoni inaungua. Akairudisha.

Nilitoa pesa, akakataa kuzishika. "Nenda kwanza." Niliondoka. Nilipofika kona ya juu nikageuka, nikamwona amesimama katikati ya barabara, mikono ina oili, kichwa amekiinamisha upande. Alibaki hivyo hadi mlima uliponificha. Malipo yake aliyapokea kesho yake asubuhi, baada ya kunisikia nikija.