Kliniki za Mkoba za Haydom

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu mkoani Manyara, ilianzishwa na wamisionari kutoka Norwei mwaka 1955, na leo iko chini ya Dayosisi ya Mbulu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Pamoja na wodi na vyumba vyake vya upasuaji, kinachostahili sifa zaidi ni kliniki za mkoba. Wauguzi hupakia chanjo kwenye maboksi ya barafu na kuwafuata akina mama wa Kiiraqw, Kidatoga na Kihadzabe walio mbali na barabara. Kusikopitika kwa gari, ndege ndogo za shirika la Kikristo la MAF zimewabeba wauguzi hao. Mzani huning'inizwa mtini, mtoto hupimwa, kadi hujazwa, mjamzito hupimwa shinikizo la damu. Ni kazi isiyo na kishindo, kwani mtoto asiyeugua surua hahesabiwi na mtu. Tena inadai kurudi: chanjo ya surua hutolewa katika miezi 9 na kurudiwa katika miezi 18. Kwa hiyo timu inayotimiza tarehe iliyoahidi, masika na kiangazi, inafanya makubwa kuliko msafara wa madaktari wageni wa wiki moja, na pongezi za kwanza ni zake.