Lori la maziwa halisubiri

Januari ya mwaka juzi nilinunua raba za mtumba pale Gakoromone, mjini Meru, nikaanza kukimbia alfajiri kando ya barabara ya Meru–Maua. Nilidumu siku kumi na saba. Siku ya kwanza vijana wa bodaboda kwenye steji ya Kianjai waliniuliza, "Mwalimu, nani anakukimbiza?" Siku ya tano mbwa wa mtu akalijibu swali hilo kwa vitendo. Wiki ya tatu pikapu ya miraa ilinipita karibu mno, upepo wake ukanitupa mtaroni, na nilipotoka mtaroni nilikuwa nimeshastaafu riadha.

Leo natembea dakika hamsini kwa siku, siku sita kwa wiki, na sikumbuki mara ya mwisho nilipoamka nikajiuliza kama nina hamu. Mtu ni yuleyule, magoti ni yaleyale, na uvivu haujapungua hata robo kilo. Kilichobadilika ni mpango wenyewe, na ndio ninaotaka kuufungua hapa kipande kwa kipande, pamoja na mahali ulipovunjika.

Chanzo kilikuwa presha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya wana uzito uliozidi, na kwamba asilimia 56 hawajawahi kupimwa presha maishani. Nilikuwa katika kundi hilo la pili hadi muuguzi mmoja aliponifunga ule mkanda wa mkononi, akatazama namba, akaufunga tena upya akidhani mashine imekosea. Haikuwa imekosea. Akaniambia nitembee.

Nyumbani kuna ng'ombe mmoja. Kituo cha kukusanyia maziwa kiko kilomita mbili, na kwa miaka mingi mtungi wangu ulikwenda huko kwa bodaboda, shilingi 50 kwa safari. Uamuzi wangu ulikuwa mdogo tu: mtungi upande mgongo wa pikipiki siku za dharura, siku nyingine uende na mimi. Dakika 25 kwenda, 25 kurudi, na kurudi ni kupanda. Mara sita kwa wiki ni dakika 300. (Jumapili hupeleka mwanangu.) Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, kwa hiyo nimegusa ukingo wa juu wa kipimo bila kuvaa kaptula.

Kuna jambo katika mwongozo wa shirika hilo ambalo watu wengi hawajalisikia. Ule wa mwaka 2010 ulitaka mazoezi yaje kwa vipande visivyopungua dakika kumi mfululizo, kilicho pungufu kisihesabiwe. Toleo la 2020 lilifuta sharti hilo. Kwa mtu wa kijijini, haya ni mabadiliko makubwa kuliko yanavyosikika. Kwenda kufunga mbuzi, kupanda hadi kwa jirani kuomba moto, kushuka mtoni, vyote sasa vinaingia kwenye hesabu ilimradi moyo umeongeza kasi kidogo. Kipimo cha wastani hakihitaji saa ya mkononi: unaweza kuongea, lakini huwezi kuimba. Mimi nikipanda kutoka kituoni na mtungi mtupu naongea vizuri sana. Kuimba sijawahi kuweza hata nikiwa nimekaa.

Sasa kipande chenyewe kinachofanya kazi, ambacho ni lori. Linafika kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na haliangalii uso wa mtu. Ukichelewa, unarudi nyumbani na maziwa, na maziwa ya asubuhi hayana subira. Nilipokuwa nakimbia barabarani, kila alfajiri ilikuwa na kikao: je, niende? Kuna baridi, je, niende? Kikao hicho hakiitishwi tena. Karani anachovya laktomita, anamwaga maziwa kwenye ndoo ya mizani, anaandika kilo kwenye kadi yangu ya manjano. Kadi hiyo ndiyo daftari langu la mazoezi, nami siiandiki. Eliud Kipchoge, anayesemwa kuandika kila siku ya mazoezi yake daftarini tangu mwaka 2003, ana nidhamu ya kushika kalamu. Mimi ninayo kadi ya ushirika, na tarehe ambayo sikwenda inaonekana kwa sababu idadi ya kilo si ya kawaida: mwanangu humwaga kidogo njiani.

Nikiwa kwa Kipchoge, nitaje jambo moja zaidi. Mtu aliyekimbia marathoni chini ya saa mbili kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 ameeleza mara nyingi kwamba mazoezini hajisukumi hadi mwisho, na kwamba siku kadhaa za wiki hukimbia kwa nusu tu ya nguvu zake. Mimi kwenye barabara ya Maua nilikuwa nikikimbia kila siku kama naliwahi basi la mwisho. Ndiyo maana siku ya kumi na nane haikuwepo.

Wazo kwamba kazi yenyewe inaweza kuwa dawa si geni. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet ulinganisho wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva waliokaa siku nzima waliugua ugonjwa wa mishipa ya moyo zaidi ya makondakta waliopanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Tazama matatu yoyote inayotoka Kianjai kwenda Meru: dereva amekaa, makanga anaruka, anasukuma magunia juu ya kerea, anakimbia nyuma ya gari kisha ananing'inia mlangoni. Lakini usikimbilie kumpa makanga cheti cha afya. Mwaka 1956 Morris huyohuyo alirudi kwenye rekodi za sare na kukuta viuno vya suruali za madereva ni vipana zaidi tangu mwanzo wa kazi. Yaani huenda sehemu ya tofauti ililetwa na aina ya watu waliochagua usukani. Mtafiti anayechunguza suruali ili kuitilia shaka hoja yake mwenyewe ndiye ninayemwamini.

Jirani yangu, mama wa umri wangu, hajawahi kusikia habari za London. Hubeba maji lita ishirini mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso. Mwaka 1986 Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika Nature vipimo vya hewa inayotumiwa na wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda kama yeye. Mzigo ulipokuwa hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili, wanawake hao hawakutumia nguvu yoyote ya ziada kuliko walipotembea mikono mitupu. Baada ya hapo gharama ilipanda, ila kwa ile ziada tu. Utafiti wa mwaka 1995 ulieleza siri yake: mwendo wao unahifadhi nguvu kutoka hatua hadi hatua, kama pembea. Kwa mwanamke wa kilo 60, sehemu ya tano ni kilo 12, na mtungi wa lita 20 umeshapita hapo.

Niliisoma habari hiyo nikiwa na wivu, kwa sababu mimi nilikuwa nikibeba lita nane mkononi, nikibadilisha mikono kila baada ya nguzo tatu za umeme, nikipinda kama ndizi. Ila nisiipambe kazi yake. Shingo inamuuma, na siku bomba la maji likifika kwake nitashangilia. Ninachomwibia ni utaratibu wa safari yake: haiulizi hamu, kwa kuwa nyumba haina maji.

Mpango wangu ulivunjika nilipokuwa sitarajii. Ng'ombe alikuwa na mimba, na siku sitini kabla ya kuzaa inabidi akaushwe ili kiwele kipumzike. Siku ya kwanza bila maziwa niliamka saa kumi na moja kama kawaida, nikakaa kitandani, nikalala tena. Siku ya tatu nikapanda bodaboda kwenda kununua gazeti. Phillippa Lally na wenzake wa London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kwa watu 96, walikuta tabia huchukua siku 66 kwa wastani kukita mizizi, kuanzia 18 hadi 254, na kwamba kuruka siku moja hakuharibu kitu. Mimi nilikuwa nimetembea miezi saba. Mizizi ilikuwepo, lakini ilikuwa kwenye mtungi, si kwangu.

Niliposema jambo hili kwa jirani, alicheka, kisha akasema, "Basi Mwalimu, chukua yangu." Yeye ana ng'ombe wawili na alikuwa akilipa bodaboda kila asubuhi. Kuanzia siku iliyofuata mtungi wake ulinisubiri kwenye fensi saa kumi na mbili kasoro dakika tano, na kwa kweli ulinisubiri kuliko wangu ulivyowahi kunisubiri. Kulaza maziwa yangu ni hasara yangu, nitajisamehe. Kulaza ya mama wa watu ni kuja kuulizwa. Oktoba mvua zilipoanza na njia ikawa sabuni, pikipiki mbili ziliteleza kwenye mteremko wa kituo, mimi nikapita kwa fimbo na gambuti, maziwa yote salama.

Kuna mapengo. Mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani unataka misuli ifanyishwe kazi nzito angalau siku mbili kwa wiki, na kutembea hakutoshi. Hapo namshukuru jembe. Kijana wangu wa bodaboda, ambaye ni mpwa wangu, amepoteza wateja wawili kwa mkupuo na bado hanisalimii kwa moyo mmoja. Presha nilipimwa tena mwezi uliopita: imeshuka, dawa bado nameza.

Ng'ombe alizaa ndama jike. Sasa nina mitungi miwili, mmoja kila mkono, na sipindi tena.