Baa ya Kiingereza Husomwa Kuanzia Chini

Anayeuza baa hukualika Ijumaa jioni. Moto unawaka mekoni, kaunta imesuguliwa ikang'aa, wateja wamejaa hadi mlangoni, na bia inayowekwa mbele yako ni ile inayotoka kwa wingi kuliko zote. Ipokee kwa shukrani, lakini usiitumie kuhukumu. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Baa ya Kiingereza, ile wenyewe waiitayo pabu, huundwa mahali ambapo mgeni hapelekwi: kwenye ghala la chini ya sakafu yanamolala mapipa, kwenye daftari, na kwenye mkataba. Anza huko. Kaunta iache iwe ya mwisho.

Mwongozo huu ni kwa msomaji anayeishi Uingereza, au mwenye ndugu huko, anayetaka kuweka akiba yake kwenye biashara hii. Sheria nitakazozitaja ni za England na Wales. Scotland ina zake.

Nusu painti ya Jumanne

Nenda Jumanne, saa tisa alasiri, bila kujitambulisha. Agiza nusu painti ya bia ambayo hakuna anayeiagiza. Bia ya asili ya Waingereza, ile inayovutwa kwa mpini wa mkono bila kusukumwa na gesi, ingali hai: hamira inaendelea kufanya kazi ndani ya pipa. Pipa likishafunguliwa na hewa ikaingia, bia hiyo ina siku tatu hivi za ubora, kisha inaanza kuchacha. Pipa dogo linalotumika sana lina galoni 9, yaani painti 72. Piga hesabu: baa yenye mipini 6 inatakiwa kuuza painti 432 kila baada ya siku tatu ili pasiwe na pipa linalopitiliza muda wake. Ukiona mipini yote 6 ina vibao vya bia na wateja ni wanane, huhitaji kuuliza. Kuna mtu anauziwa siki. Mjuzi wa kazi hii huweka mipini 2, na kila pipa likaisha lingali tamu.

Itazame glasi pia. Glasi safi hubaki na pete ya povu kila unapopiga funda. Yenye mafuta huliua povu mara moja. Ukiona ukutani vyeti vya CAMRA, chama cha kutetea bia ya asili kilichoanzishwa mwaka 1971, soma mwaka ulioandikwa kwenye kila cheti. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na baa nyingi bado zinaishi kwa sifa za mtu aliyekwisha kuondoka.

Kisha, siku utakapokwenda kama mnunuzi, omba kushuka ghalani kabla ya kuonyeshwa vyumba. Kipimajoto kisome kati ya nyuzi 11 na 13. Sakafu iwe kavu, pasinuke ukungu wala chachu iliyomwagika. Uliza mipira inayopandisha bia juu husafishwa lini. Desturi nzuri ni kila baada ya siku 7, na panapaswa kuwa na kijitabu cha tarehe. Kisome kijitabu hicho kwa makini. Mtu anayesafisha mipira kila wiki mahali ambapo hakuna mteja wa kumwona ndiye ambaye hata hesabu zake nitaziamini kwanza.

Ukiwa bado huko chini, uliza swali moja zaidi: hii mashine ya kupoza ni ya nani? Mara nyingi vifaa vya bia ni mali ya kiwanda, na mashine za michezo ni za wakodishaji. Taka orodha ya vyote, kila kimoja na mwenyewe, usije ukalipia mali ya watu.

Mapipa na daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Taka hesabu za miaka mitatu, pamoja na marejesho ya VAT yaliyopelekwa serikalini, uyaweke meza moja uone kama yanazungumza lugha moja. Halafu taka ankara za bia. Katika biashara hii ukubwa wa baa hupimwa kwa mapipa makubwa kwa mwaka, na pipa kubwa ni galoni 36, yaani painti 288. Ukijua mapipa yaliyoingia na bei ya painti, unajua takriban fedha iliyopaswa kuingia. Ikiwa fedha ya daftarini ni ndogo kuliko mapipa, ama bia inamwagwa, ama inaibwa, ama mauzo yanafichwa.

Muuzaji anaweza kukunong'oneza kwamba yapo mauzo mengine yasiyoandikwa. Jibu lako liwe moja: nitalipia kilichoandikwa. Aliyeificha faida yake kwa mtoza kodi asiidai kwako.

Wathamini wa Uingereza wana kipimo kizuri ambacho kila mnunuzi anapaswa kukiazima. Hawaulizi baa imemwingizia nini mwenyewe wa leo, bali ingemwingizia nini mwendeshaji mwenye uwezo wa kawaida, akiiendesha kwa bidii ya kawaida. Kipimo hiki kinatenganisha baa na mwenye baa. Ikiwa watu huja kwa ajili ya ucheshi wa mama wa kaunta aliyekaa hapo miaka 20, naye ndiye anayeuza, basi sehemu ya unachokilipia itapakia mizigo pamoja naye.

Kumbuka pia kwamba wafanyakazi hawaachwi mlangoni. Kwa kanuni za mwaka 2006, biashara ikihamia kwako, huja na wafanyakazi wake, mikataba yao na miaka yao ya kazi.

Karatasi mbili

Msomaji wa Tanzania amekulia kwenye nchi ambayo umiliki wa ardhi wa kudumu ulifutwa mwaka 1963. Anajua hati za miaka 33, 66 na 99. Wa Kenya anajua kwamba Katiba ya 2010 inamruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, basi. England ni tofauti. Huko hata mgeni anaweza kununua jengo na ardhi yake daima, na matangazo huandika freehold. Neno la pili ni leasehold: unanunua miaka iliyobaki kwenye mkataba wa mtu mwingine, pamoja na samani na jina la biashara, na kodi unaendelea kulipa.

Aliyenunua daima ni mwenye nyumba wa nafsi yake. Paa likivuja, ni lake. Asijidanganye tu kwamba baa ikimshinda ataigeuza nyumba ya kupangisha: tangu mwaka 2017 kubadili matumizi ya pabu katika England kunahitaji kibali cha mipango miji.

Aliyenunua miaka ameshika barafu: kila mwaka inayeyuka. Kwa hiyo uliza mambo manne. Miaka mingapi imebaki? Je, mkataba umelindwa na sheria ya mwaka 1954 inayompa mpangaji wa biashara haki ya kuomba mkataba mpya, au ulinzi huo uliondolewa kwa maandishi? Kodi inapitiwa lini, na inaweza kushuka au ni kupanda tu? Na matengenezo ni ya nani?

Hilo la nne ndilo limewaliza wengi. Mikataba mingi ya muda mrefu humtwika mpangaji matengenezo yote na bima, na anaweza kulazimika kulitengeneza hata lililokuwa bovu kabla hajafika. Usitie sahihi mpaka ripoti ya hali ya jengo, yenye picha, iambatanishwe na mkataba, na iandikwe wazi kwamba hutadaiwa zaidi ya hali hiyo.

Kifungo cha bia

Kuna mikataba ambayo mwenye nyumba hukuambia pia ununue bia kwa nani. Hicho ndicho kifungo cha bia. Mwaka 1989 serikali iliamuru viwanda vyenye pabu zaidi ya 2,000 kulegeza kifungo kwa nusu ya zile zilizozidi. Viwanda vikauza majengo, yakanunuliwa na makampuni yasiyopika bia hata tone, lakini kifungo yakakihifadhi. Unalipa kodi mara mbili: moja kwa fedha, nyingine ndani ya bei ya kila pipa.

Kifungo si dhambi. Kodi ya fedha ikiwa ndogo kwelikweli, kinaweza kumfaa anayeanza na mtaji haba. Lakini linganisha: chukua bei ya pipa ya kampuni, toa bei ya soko huria, zidisha kwa mapipa ya mwaka, kisha jumlisha na kodi. Hiyo ndiyo kodi yako halisi. Kanuni za Pabu za mwaka 2016 zinayabana makampuni yenye pabu 500 au zaidi za namna hii: mpangaji wake, kwa mfano kodi inapopitiwa au mkataba unapohuishwa, anaweza kuomba alipe kodi ya soko na kifungo kifunguliwe. Ijue haki hiyo kabla hujaihitaji.

Leseni na kuta

Kwa sheria ya mwaka 2003, leseni ya jengo na leseni ya mtu ni vitu viwili, na lazima awepo msimamizi aliyetajwa jina. Soma masharti: saa, muziki, bustani kufungwa saa ngapi. Mwenye leseni akifilisika, leseni ya jengo hufa, na zipo siku 28 tu za kuifufua. Jengo likiwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, uliza kila ukuta uliobomolewa ulikuwa na kibali, kwa kuwa amri ya kurudisha hali ya zamani humfuata mmiliki wa leo.

Hukumu

Ukiniuliza nichague, nitachukua baa yenye ghala safi, daftari linalolingana na mapipa, na mkataba mrefu usio na kifungo, hata kama zulia lake limechakaa, na nitaiacha inayong'aa ambayo mwenyewe anasita kunishusha chini. Zulia hubadilishwa kwa wiki moja. Mkataba mbaya utaishi nao hadi siku yake ya mwisho. Basi, ndugu mnunuzi, mpe wakili karatasi zako kabla hujampa muuzaji mkono, na ukikataliwa kuona ghala, maliza nusu painti yako, lipa, uage kwa heshima.