Barafu ya Kilimanjaro: hesabu ya miaka mia moja ilivyofanywa

Kati ya 1912 na 2011 Kilimanjaro ulipoteza takriban asilimia 85 ya barafu yake. Takwimu hiyo hutajwa sana, lakini ni nadra msomaji kuelezwa ilivyopatikana. Mwaka 1912 setilaiti hazikuwapo. Eneo la barafu lilijulikanaje?

Mwaka huo Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walipanda mlima na kamera ya upimaji. Picha zao, zilizopigwa kutoka ardhini, ndizo zilizozaa ramani. Baadaye zilifuata picha za ndege, kisha za setilaiti. Mwaka 1997 Stefan Hastenrath na Lawrence Greischar waliziunganisha ramani hizo katika mfululizo mmoja: kilomita za mraba 12.1 mwaka 1912, 6.7 mwaka 1953, 4.2 mwaka 1976 na 3.3 mwaka 1989.

Kazi ngumu ni kuzilinganisha. Ramani na picha za zama tofauti hulazwa juu ya gridi moja, kwa kutumia alama zisizohama kama vile ukingo wa kreta na miamba. Ramani ya zamani ikiwa imepinda mita 50 tu, barafu itaonekana imerudi nyuma mahali ambapo haikusogea hata hatua moja. Na barafu inapomeguka vipande vidogo, kingo zake huwa ndefu zikilinganishwa na eneo, hivyo kosa dogo la mpaka huwa kubwa kwenye jumla. Nicolas Cullen na wenzake walipochapisha hesabu mpya mwaka 2013, eneo la 1912 lilikuwa kilomita za mraba 11.4, si 12.1. La mwaka 2011 lilikuwa 1.76.

Ugumu wa pili ni theluji. Ikianguka usiku mmoja hufunika miamba, na kwa setilaiti yote ni meupe. Mawimbi ya infraredi husaidia kutenganisha barafu na mawingu, lakini theluji mpya na barafu ya kale bado hushabihiana. Ndiyo maana huchaguliwa picha za kiangazi, theluji ya msimu inapokuwa imeondoka. Tena, pikseli moja ya setilaiti za Landsat ni mita 30 kwa 30, kwa hiyo vipande vidogo huhitaji picha zenye pikseli ndogo zaidi.

Kisha kuna kasi. Vipindi vya mfululizo havilingani: miaka 41, 23 na 13. Lazima kila upungufu ugawanywe kwa miaka yake. Kati ya 1912 na 1953 zilipotea kilomita za mraba 0.13 kwa mwaka. Kati ya 1976 na 1989, 0.07. Mtu angesema barafu imetulia. Lakini ukipima dhidi ya barafu iliyokuwapo mwanzoni mwa kila kipindi, upotevu ulipanda kutoka asilimia 1.1 kwa mwaka hadi 1.6. Takwimu ni zilezile, hadithi ni mbili.

Utabiri ndio ulioonyesha mipaka ya njia hii. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake waliunyoosha mwenendo huo mbele, wakaona barafu ikiisha kati ya 2015 na 2020. Muda huo umepita na mabaki ya barafu bado yapo, japo yanaendelea kupungua. Mstari ulionyooka haujui kwamba vipande vilivyobaki vina unene, kivuli na mahali tofauti, wala kwamba eneo halisemi lolote kuhusu unene.

Mbinu hizi ndizo zinazotumika kupima misitu, mikoko, maziwa na miji inayotanuka. Kwa hiyo, ukisoma kwamba kitu kimepungua kwa asilimia fulani, uliza kwanza picha zilipigwa mwezi gani, zililinganishwa vipi, na asilimia hiyo ni ya nini. Ripoti isiyojibu hayo bado haijapima mabadiliko.