Mafuta ya Wishwa wa Mpunga, na Hazina Inayozama Katika Sabuni

Mpunga ukiisha kukobolewa na kupwaywa hata ukawa mchele mweupe, wishwa unaobaki, ambao ndio ngozi laini ya punje pamoja na kiini chake, huwa na mafuta yapata sehemu 15 hadi 20 katika kila 100 za uzito wake. Mafuta hayo, mtu akiyapima kwa asidi zake peke yake, hatayaona kuwa ni ya ajabu: asidi ya oleiki ni kama sehemu mbili katika tano, ya linoleiki ni thuluthi na zaidi kidogo, na ya palmitiki hukaribia khumsi.

Fadhila yake hasa imo katika ile sehemu ndogo isiyokubali kugeuzwa sabuni, ambayo katika mafuta ghafi hufika kama 4 katika 100, ilhali katika mafuta mengi ya kupikia haifiki 2. Humo mna steroli, mna tokotrienoli zilizo jamaa ya vitamini E, na mna orizanoli, ambayo wanakemia wa Kijapani Kaneko na Tsuchiya waliitenga mwaka 1954 wakidhani ni kitu kimoja. Baadaye ikadhihirika kuwa ni ukoo mzima, ambao kila mmoja wake ni asidi ya feruliki iliyofungamana na steroli au na alkoholi iliyo karibu nayo.

Adui wa kwanza wa mafuta haya yumo mumo humo ndani ya wishwa. Punje ikiwa nzima, mafuta na kimeng'enya kiitwacho lipesi hukaa kila kimoja katika tabaka lake. Kinu kikivivuruga pamoja, lipesi huanza mara moja kuzing'oa asidi kutoka katika gliseroli inayozishika. Wishwa mpya una harufu tamu na huteleza vidoleni. Ukilazwa guniani siku chache katika hari, huwa mchungu na kunuka sabuni. Ndiyo maana viwanda vyenye hadhari huutia mvuke, vikausukuma katika mtambo wa parafujo wenye joto la nyuzi 130 hivi hata lipesi ikafa, kisha mafuta yakatolewa kwa kiyeyushi kiitwacho hekseni.

Walakini hasara iliyo kubwa zaidi hutokea wakati wa kusafisha, na hapo ndipo pa kupatazama sana. Njia ya zamani ni kutia kostiki soda, ambayo huzishika asidi huru na kuzigeuza sabuni nzito ikatuama chini. Lakini orizanoli nayo, kwa kuwa asidi ya feruliki iliyomo ina tabia ya fenoli, hupokea chaji ndani ya soda, ikayaacha mafuta na kuifuata sabuni. Yanayobaki juu hung'aa, nayo yamepoteza sehemu kubwa ya kile kilichoyapambanua na mafuta mengine. Na kadiri wishwa ulivyocheleweshwa, ndivyo asidi zinavyozidi, na soda nayo huzidi.

Njia ya pili, ambayo mimi naiona bora bila shaka, huondoa kwanza utomvu kwa maji na asidi kidogo, ikaipoza nta hata iweze kuchujwa, kisha ikapitisha mvuke katika mafuta ya moto sana yasiyo na hewa juu yake. Asidi huru hupaa. Orizanoli, kwa uzito wake, hubaki kwa wingi, ingawa tokotrienoli kadha wa kadha huchukuliwa na mvuke. Taksiri yake ni moja: utomvu usipotolewa barabara, mafuta huwa meusi, wala hayarudi tena.

Kwetu Afrika Mashariki shida hutangulia kiwanda, maana vinu vingi vidogo vya vijijini huvunja ganda na wishwa kwa mkupuo mmoja, ikatoka pumba iliyochanganyika na makapi magumu, ambayo mafuta yake ni haba mno kulipa gharama ya hekseni. Anayetaka mafuta haya yatoke Kyela au Mwea na aanze hapo, kwa kinu kitoacho ganda kwanza na wishwa baadaye, na tanuri la kuua lipesi kando yake.