Safari Ndefu ya Jaime na Brienne

Ipo kazi ya mwandishi ambayo msomaji haioni mpaka ikosekane: kuwakutanisha watu wawili wasiopatana na kuwaacha watembee pamoja hadi kila mmoja ambadilishe mwenzake. George R. R. Martin aliifanya kwa Jaime Lannister na Brienne wa Tarth, nami sijasoma riwaya ya njozi ya zama zetu iliyoifanya vizuri zaidi.

Tazama subira yake. Mapema katika A Game of Thrones, kitabu cha kwanza cha mfululizo wake, cha 1996, Jaime anamsukuma mtoto Bran kutoka dirishani. Kwa vitabu viwili vizima tunamwona kwa macho ya wengine tu, mwuaji wa mfalme, mtu asiyeshika kiapo. Ni katika A Storm of Swords, mwaka 2000, ndipo anapopewa sura zake mwenyewe, nasi tunaingia moyoni mwa mtu tuliyekwisha kumhukumu. Anasafiri akiwa mfungwa, Brienne akiwa mlinzi wake, na njia nzima anamkejeli. Kisha watekaji wanamkata mkono wa kulia, mkono wa upanga, uliokuwa fahari yake yote. Huko Harrenhal, ndani ya maji ya moto, mgonjwa na mwenye aibu, anamsimulia Brienne kwa nini alimwua Mfalme Aerys: mfalme yule alikusudia kuuteketeza mji pamoja na watu wake. Siri ya miaka mingi anaikabidhi kwa mwanamke aliyekuwa akimdharau. Hakuna joka katika bafu lile, wala uchawi, na bado ndipo mahali ninaporudi kila nikiufungua mfululizo huu.

Tamthilia ya televisheni iliyotokana na vitabu hivyo, Game of Thrones, ililiheshimu tukio hilo. Lakini ilipokaribia ukingoni iliingiwa na haraka. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja; wa saba ukawa na 7, wa nane 6 tu. Katika huo wa saba, kijana Gendry anakimbia hadi Ukutani, kunguru anaruka na ujumbe hadi kisiwa cha Dragonstone, Malkia Daenerys anawasili na majoka, yote ndani ya sehemu moja. Wengi walilalamikia umbali. Mimi nalilia muda, kwa kuwa safari ndizo zilizozaa uhusiano.

Katika msimu wa nane, mwaka 2019, Jaime anampa Brienne cheo cha naiti (knight) ambacho wanawake walinyimwa, na tukio lile lilistahili kila chozi. Sehemu mbili baadaye anamwacha akilia usiku, anarudi kwa Cersei, pacha na mpenzi wake, na hatimaye anafia naye chini ya kifusi. Mtu kurejea alikotoka si kosa la usanii, watu hurejea. Kosa ni kwamba njia ya kurejea hatukuonyeshwa. Kilichojengwa kwa misimu mingi kilivunjwa kwa mazungumzo ya dakika chache.

Watayarishaji walikuwa na fedha, majoka na waigizaji hodari, wakakosa subira. Nanyi mnaoandika njozi, msiwakimbize wahusika wenu vitani. Wapeni kwanza safari ndefu na mtu wasiyempenda.