Neno la Simu Katika Mzani

Msomaji, umekwisha fundishwa namna ya kuhakiki hadithi na shairi. Umeambiwa usikisifu kitabu kwa sababu jalada lake linang'aa, wala usikilaumu kwa sababu mwandishi wake hajulikani; bali ukisome, ukipime, kisha utoe hukumu yenye ushahidi. Katika insha hii nakuomba uuchukue mzani huo huo upime kitu ambacho wengi hawadhani kuwa kinahakikika, yaani ujumbe mfupi wa simu unaopelekwa kwa mgonjwa. Zama zetu zimejaa sifa za wavumbuzi wa teknolojia ya afya. Husifiwa magazetini, hupewa tuzo karamuni, na huitwa viongozi hata kabla mgonjwa mmoja hajaulizwa kama amepata nafuu. Sisemi kuwa sifa hizo ni za uongo. Nasema kuwa lazima zipimwe, kwa maana anayelipa gharama ya sifa isiyostahili si mwenye kusifu wala mwenye kusifiwa, bali ni mgonjwa.

Tuanze Kisian. Mahali hapa pako magharibi ya mji wa Kisumu, pale ambapo njia iendayo Bondo inaachana na njia iendayo Busia. Msafiri mwenye haraka aweza kupapita bila kujua kuwa amepita penye elimu kubwa. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, ambayo watu huiita KEMRI, iliundwa mwaka 1979, na tangu mwaka huo imeshirikiana na wataalamu wa Marekani katika kuchunguza malaria, na baadaye maradhi mengine. Kituo chao kikubwa katika sehemu za ziwa kiko hapo Kisian. Katika miaka ya 1990 vyandarua vilivyotiwa dawa vilijaribiwa Asembo na Gem, katika Siaya, ikadhihirika kuwa vinapunguza vifo vya watoto wadogo. Mwaka 2001 ukaanzishwa katika sehemu hizo hizo utaratibu wa kuandika habari za watu wote: wahesabuji walizuru kila boma kila baada ya miezi minne, wakaandika nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehama na nani amehamia. Mtu alipokufa, jamaa zake waliulizwa dalili za ugonjwa wake, ili ijulikane yamkini amekufa kwa sababu gani.

Kazi hiyo haina makeke, na huenda ndiyo sababu haitajwi sana. Lakini nchi isiyojua watu wake wanakufa kwa nini haiwezi kuvizuia vifo hivyo. Hiyo ni sifa yake. Upungufu wake ni kwamba habari hupanda kutoka bomani kwenda kituoni, na aliyezitoa hungoja sana kabla ya kuona faida yake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema, mgeni njoo, mwenyeji ahesabiwe. Kwa hiyo simu ya mkononi ilipoenea, watu wengi wenye nia njema waliona kuwa njia mpya imefunguka, ambayo neno laweza kumshukia mtu mmoja, kwa jina lake na kwa haja yake. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, watu wa mjini na wa shamba walijifunza kuuamini ujumbe mfupi hata katika mambo ya fedha. Ilikuwa rahisi kuuliza: ikiwa ujumbe waweza kubeba fedha, kwa nini usibebe afya?

Sasa toka Kisian, uifuate njia ya Busia kuelekea Maseno, nawe utafika Chulaimbo. Katika kituo cha afya cha hapo, Cristian Pop-Eleches, ambaye ni mwanauchumi, pamoja na wenzake, walifanya jaribio ambalo matokeo yake yalichapwa mwaka 2011. Waliwachukua watu wazima 431 waliokuwa wameanza karibuni kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Dawa hizo hazitaki mzaha. Mtu akizimeza leo na kuziacha kesho, virusi hupata nafasi ya kuongezeka, na dawa yenyewe yaweza kupoteza nguvu mwilini mwake. Basi wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi yao waliletewa ujumbe kila siku, wengine mara moja kwa juma. Tena baadhi waliletewa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha tu, na wengine waliletewa ujumbe mrefu zaidi uliotiwa maneno ya kuwapa moyo. Kundi jingine halikuletewa ujumbe wo wote. Chupa za dawa zilikuwa na vifuniko vyenye kifaa kilichoandika kila zilipofunguliwa, ili hukumu isitegemee kumbukumbu ya mtu wala haya yake.

Matokeo yalikuwa haya. Katika majuma 48, wagonjwa 53 katika kila 100 walioletewa ujumbe mara moja kwa juma walitimiza angalau sehemu 90 katika 100 za dawa zao. Katika wale wasioletewa ujumbe, waliotimiza kiasi hicho walikuwa 40 katika 100. Ujumbe wa kila siku haukuonekana kuleta faida, na maneno ya kutia moyo hayakuongeza kitu.

Mwanafunzi wa fasihi hatastaajabu sana. Amekwisha ona kuwa neno linalorudiwa bila kiasi hupungua nguvu, kama vile kengele ya shule ambayo ingalilia kila dakika isingalimwinua mtu kitini. Amekwisha ona pia kuwa maneno ya faraja hayawi faraja kwa sababu ya kuitwa hivyo. Mama anapomwambia mwanawe ajipe moyo, neno lake lina uzito kwa sababu anamjua mwana huyo na anajua kilichomsibu. Mtambo unapowapelekea maneno yale yale watu wote, aliyefiwa na aliyefurahi, aliyeshiba na mwenye njaa, yamkini kila mmoja wao huona kuwa hakusemeshwa yeye. Hii ni tafsiri yangu, nawe waweza kuipinga. Lakini hesabu zenyewe ni za jaribio.

Hapa ndipo mhakiki anapoachana na mwenye kutangaza bidhaa. Mwenye kutangaza bidhaa atatwambia habari za wale 53 na kunyamaza. Mhakiki lazima aulize habari za wale 47 ambao waliletewa ujumbe na bado hawakufika kiasi kilichotakiwa. Je, walisahau? Kama shida yao ilikuwa usahaulifu, ukumbusho ungaliwafaa. Lakini mtu aweza kukumbuka dawa yake vizuri kabisa asiimeze, kwa sababu inamtapisha, au hana chakula cha kumezea, au amekosa nauli ya kwenda kuchukua nyingine, au anaogopa kuonekana na jamaa zake. Mtu huyo hahitaji kukumbushwa, anahitaji kusikilizwa. Ujumbe wa Chulaimbo ulikuwa na mdomo bila sikio. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kama hujui, huna budi kumwuliza mwenye kukilalia.

Kuna ujumbe mwingine uliojaribiwa nchini Kenya karibu na wakati huo huo, nao uliuliza. Tangu mwaka 2007 mpaka 2008 daktari wa Kanada, Richard Lester, na wenzake wa Kenya waliwachukua wagonjwa 538 katika vituo vitatu, viwili vya Nairobi na kimoja cha Kajiado. Kila Jumatatu wagonjwa 273 kati yao walipelekewa neno moja tu: Mambo? Walitakiwa wajibu katika muda wa saa 48. Aliyekuwa salama alijibu Sawa. Aliyekuwa na jambo alijibu Shida. Aliyejibu Shida, na yule asiyejibu kabisa, alipigiwa simu na mhudumu wa kituo.

Lipime neno hilo kama unavyopima mstari wa shairi. Kwanza, ni salamu, na salamu kwetu ni haki ya kila mtu. Mwenye kusalimiwa huona kuwa amehesabiwa katika watu. Pili, ni swali, na swali humwachia mwenye kuulizwa nafasi ya kusema. Tatu, lina sitara. Halitaji dawa wala ugonjwa wala kituo, na kama simu imeachwa mezani ikasomwa na shemeji au jirani, hakuna siri iliyofichuka. Nne, na hili ndilo kubwa, nyuma ya neno hilo alikuwapo mtu. Jibu la Shida halikuangukia shimoni. Lilisababisha sauti ya binadamu kupiga simu na kuuliza kuna nini. Matokeo yalichapwa mwaka 2010. Wagonjwa 168 katika wale 273 walisema kuwa wametimiza dawa zao ipasavyo, yaani karibu 62 katika 100. Na katika 265 wasioletewa ujumbe, waliosema hivyo walikuwa 132, yaani karibu 50 katika 100. Na kwa kuwa maneno ya mtu juu ya nafsi yake hayatoshi, damu nayo ilipimwa. Virusi vilikuwa vimedhibitiwa katika wagonjwa 57 kwa kila 100 walioulizwa Mambo, na 48 kwa kila 100 ambao hawakuulizwa.

Ningaliishia hapo, insha hii ingalikuwa tamu, lakini isingalikuwa uhakiki. Neno lile lile lilipelekwa tena Kibera, Nairobi, katika jaribio lililoongozwa na Mia van der Kop, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2018. Safari hii watu walikuwa 700, na jambo lililopimwa lilikuwa jingine: je, mtu aliyeanza kuhudumiwa atabaki katika matunzo ya kituo kwa mwaka wa kwanza? Walioletewa ujumbe walibaki 79 katika 100. Wasioletewa walibaki 81. Kwa ufupi, ujumbe haukuleta tofauti. Neno halikuwa limebadilika, wala shida za watu hazikuwa zimekwisha. Kilichobadilika ni kazi ambayo neno lilipewa kuifanya. Kumsaidia mtu kumeza dawa aliyo nayo nyumbani ni kazi moja. Kumfanya arudi kituoni mwaka mzima ni kazi nyingine, yenye vizuizi vyake.

Wengine wataona kuwa habari ya Kibera inamvunjia heshima mvumbuzi. Mimi naona kinyume chake. Lester mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu wa jaribio hilo, na shirika lenye jina la WelTel lilikuwa limejengwa juu ya uvumbuzi huo. Angaliweza kuishi kwa sifa za mwaka 2010. Badala yake kazi ilirudishwa mizanini, ikapungua, na upungufu ukachapwa ili wote wausome. Mfanyabiashara hodari hujua kuuza chombo chake; kiongozi hukubali kipimwe mbele ya watu na husema kweli kikishindwa. Ukitaka kujua nani anaongoza katika mambo haya, usimtafute kwanza kwenye karamu za tuzo. Mtafute mahali ambapo hesabu zilimkatalia naye hakuzificha.

Liko pia swali la mwenye mali. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kazi nyingi za afya za Kenya zilizotegemea misaada hiyo zilitikisika. Neno Mambo? halina gharama kubwa. Mhudumu anayesoma jibu lake ndiye mwenye kula mshahara kila mwezi. Uvumbuzi usiosema nani atamlipa mtu huyo baada ya mfadhili kuondoka ni nyumba isiyo na nguzo. Vile vile habari za mgonjwa ni mali yake. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya katika fungu la habari zinazotaka uangalifu mkubwa zaidi. Basi mvumbuzi aulizwe: habari hizi unaziweka wapi, na nani anaruhusiwa kuzisoma?

Mambo hayakusimama. Shirika la Jacaranda Health huwapelekea akina mama wajawazito wa Kenya ujumbe wa simu, na mama aweza kuuliza swali lake. Kompyuta husaidia kuyachambua maswali ili yenye hatari yatangulie, na watu hujibu. Kesho kompyuta zitajibu zaidi, tena kwa lugha laini kuliko yangu. Ulaini huo ndio utakaotaka mhakiki mkali, kwa sababu mgonjwa hudanganyika upesi na sauti ya upole.

Msomaji, huenda wewe unayesoma shuleni katika sehemu hizi za ziwa ndiwe utakayebuni chombo cha kesho. Jifunze hesabu na elimu ya kompyuta, lakini usiitupe elimu ya maneno, kwa kuwa chombo hicho kitasema na watu. Na siku utakapoketi kuandika ujumbe wa kumpelekea mgonjwa, andika kwanza, pembeni mwa karatasi yako, jina la mtu atakayelisoma jibu lake. Kama huna jina la kuandika, usiupeleke ujumbe huo bado.